Kujitolea porini Upemba: kazi ya moyo au kazi ya bure?

Katika mji wa Kamina, neno «kujitolea» halisikiki kwa namna moja kwa watu wote. Mwanafunzi wa Ulaya anayesoma tangazo la kambi ya kulinda wanyama porini anasikia miezi mitatu ya kulala kwenye hema, kuoga kwa ndoo, kuhesabu nyayo za tembo, kisha kurudi nyumbani na picha na cheti. Kijana wa Kamina aliyemaliza masomo ya kilimo au ya mazingira anasikia jambo lingine: kufanya kazi bila mshahara, mwaka baada ya mwaka, akitumaini kwamba siku moja jina lake litaingia kwenye orodha ya malipo.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ndogo. Lakini katika jimbo la Haut-Lomami, lenye sehemu ya moja ya mbuga kongwe za Kongo, ndiyo itakayoamua nani atalinda pori katika miaka kumi ijayo. Uhifadhi wa wanyama nchini umebebwa kwa muda mrefu na watu wengi wasiolipwa, au wanaolipwa kidogo sana. Swali ni hili: watabeba mpaka lini, na kwa masharti gani?

Mbuga kubwa, mikono michache

Mbuga ya Taifa ya Upemba iliundwa na utawala wa Wabelgiji tarehe 15 Mei 1939. Leo ina zaidi ya kilomita za mraba 11,000, eneo lisilo mbali na nusu ya nchi ya Rwanda. Inaanzia kwenye maziwa na vinamasi vya bonde la Kamalondo, karibu na mto Lualaba, na kupanda mpaka uwanda wa juu wa Kibara wenye nyasi na miti ya miombo. Tangu 2017 inasimamiwa na taasisi ya serikali ya uhifadhi, ICCN, pamoja na shirika la Forgotten Parks.

Kituo chake kikuu ni Lusinga, upande wa Mitwaba, ndani ya jimbo la Haut-Katanga. Anayetoka Kamina anaweza kupanda treni ya SNCC mpaka Bukama, kwenye reli iliyounganisha miji hiyo tangu miaka ya 1920. Baada ya hapo kuna mto wa kuvuka na njia ya udongo. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili mvua inanyesha, na njia hiyo inaweza kumshinda hata mwenye gari lenye nguvu.

Huko porini hakuna nguzo ya SNEL. Kambi ya aina hii inaishi kwa sahani za jua, betri, redio ya mawasiliano na mafuta yanayoletwa kwa mapipa. Betri zikizeeka, redio inanyamaza. Redio ikinyamaza, walinzi walioko doria wanakuwa peke yao. Unga, maharagwe, chumvi, dawa za malaria, viatu: kila kitu kinabebwa kutoka mbali, na kila mzigo una mtu aliyeubeba.

Kinacholindwa huko hakipatikani mahali pengine nchini. Upemba ndiyo makao ya kundi la mwisho la punda milia wa porini katika Kongo. Kuna tembo wachache waliobaki Katanga. Kuna pia lechwe wa Upemba, swala wa majimaji ambaye wataalamu walimtambua kama aina ya pekee mwaka 2005. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kwa mara ya kwanza mnyama huyo amepigwa picha akiwa hai. Katika hesabu iliyofanywa kutoka angani walionekana kumi tu, na watafiti wanakadiria kwamba wote waliobaki hawafiki mia moja.

Pori kubwa namna hiyo haliwezi kulindwa na walinzi wenye silaha peke yao. Kuna mitego ya kutegua, mingi ikitengenezwa kwa nyaya za breki za baiskeli. Kuna kamera za kufunga kwenye miti na kadi zake za kubadilisha. Kuna njia za kusafisha kabla ya mioto ya kiangazi, miche ya kupanda pale miti ilipokatwa kwa ajili ya makala, na mazungumzo yasiyoisha na wavuvi, wakulima na machifu. Kazi nyingi kati ya hizo hazihitaji bunduki. Zinahitaji miguu, macho na subira. Ndipo watu wa kujitolea wanapoingia.

Neno lenye kumbukumbu

Kabla ya kumwomba mkaaji wa Bukama au wa Kamina ajitolee, ni vema kukumbuka neno hilo limepita wapi. Wakati wa Wabelgiji, vijiji vililazimishwa kulima pamba, kutengeneza barabara na kubeba mizigo ya wakubwa. Wakati wa Mobutu ikaja salongo: kazi ya pamoja iliyosifiwa kwenye redio kama upendo wa taifa, lakini aliyekosa kufika alijua kinachomngoja. Wazee wengi bado wakisikia «kazi ya kujitolea kwa faida ya wote» wanauliza kwanza: nani ametuma?

Hata historia ya elimu ya Upemba imejengwa juu ya mikono isiyotajwa. Kati ya 1946 na 1949, mtaalamu wa Ubelgiji Gaspard-François de Witte aliongoza safari kubwa ya utafiti ndani ya mbuga. Wadudu, samaki, nyoka na ndege walikusanywa kwa wingi wa kushangaza, na matokeo yakachapishwa katika mfululizo mrefu wa vitabu. Kazi kama hiyo haiwezekani bila wabeba mizigo, wapishi, wawindaji na wakusanyaji wa hapa hapa. Jina lililobaki kwenye safari hiyo ni la kiongozi wake.

Mfano mwingine unatoka upande wa kaskazini. Mto Lomami unaanzia upande wa Kamina, kisha unateremka mamia ya kilomita mpaka kwenye misitu ya Maniema na Tshopo. Huko, mwaka 2007, watafiti walimwona nyani mdogo ambaye hakuwa kwenye vitabu vyao. Hawakumkuta juu ya mti. Walimkuta Opala, amefungwa nyumbani kwa mkuu wa shule. Wawindaji wa eneo hilo walikuwa wakimjua siku zote na kumwita lesula. Mwaka 2012 ulimwengu wa sayansi ukampa jina la Kilatini, na mwaka 2016 ikaundwa Mbuga ya Taifa ya Lomami. Ujuzi wa kwanza ulikuwa kijijini. Bila watu wa vijiji waliowaongoza watafiti msituni, mbuga hiyo isingekuwepo.

Kwa hiyo si kweli kwamba Wakongomani wanapaswa kufundishwa kujitolea kwa ajili ya pori. Wamefanya hivyo muda mrefu. Kilichokosekana ni kuhesabiwa.

Wanaolipa ili wafanye kazi

Upande mwingine wa neno hili ni biashara inayojulikana duniani kote. Katika nchi nyingi za Afrika, vijana wa Ulaya na Marekani hulipa ili wafanye kazi ya kujitolea kwenye miradi ya wanyama. Fedha zao hugharamia chakula, kitanda, usafiri na sehemu ya kazi ya mradi. Si jambo baya lenyewe. Mradi mdogo usio na mfadhili unaweza kuishi kwa njia hiyo, na daktari wa mifugo au fundi wa umeme wa jua anayekuja kwa miezi sita anaweza kuacha ujuzi wa kudumu.

Lakini kuna mambo matatu ya kupima. La kwanza ni muda. Kujua njia za pori, kutofautisha unyayo wa jana na wa wiki iliyopita, kumsikiliza chifu bila kumvunjia heshima: hayo hayapatikani kwa wiki nne. Mgeni anapoanza kuelewa, tiketi yake ya kurudi imefika. La pili ni mlinzi au msimamizi anayelazimika kuacha kazi yake ili amtunze mgeni. La tatu ndilo linalouma zaidi: mgeni anayejitolea bure anaweza kuwa amekaa kwenye nafasi ambayo kijana wa hapa angelipwa kuifanya.

Mashariki mwa Kongo kuna sababu nyingine ya kupima kwa makini. Mei 2018, ndani ya Virunga, gari lililobeba watalii wawili Waingereza lilishambuliwa. Wageni hao walitekwa, kisha wakaachiliwa. Mlinzi Rachel Masika Baraka, aliyekuwa akiwasindikiza, aliuawa. Mbuga ikafungwa kwa wageni kwa miezi mingi. Mgeni anapoingia katika pori lenye watu wenye silaha, hatari yake haibebi peke yake. Inabebwa kwanza na Mkongomani anayetembea mbele yake.

Giza moja, maisha mawili

Matangazo ya miradi ya namna hii hupenda kusifu maisha ya mbali: hakuna umeme, hakuna mtandao, nyota tu na sauti za usiku. Kwa mkaaji wa Haut-Lomami sifa hiyo ni ya ajabu kidogo. Nchini Kongo, takriban mtu mmoja tu kati ya watano anapata umeme, na vijijini hali ni mbaya zaidi. Kile ambacho mgeni anakiita safari ya pekee, mama wa Malemba-Nkulu anakiita Jumanne.

Hapa kuna somo kwa wanaoendesha kambi. Taa za umeme wa jua zinapowaka usiku ndani ya uzio, na kijiji cha jirani kina zahanati inayozalisha wanawake kwa mwanga wa simu, hakuna hotuba ya uhifadhi itakayosikika. Kijiji kitaona kwamba wanyama wana umeme na watu hawana. Kambi ikifungua pembe moja ya kuchajia simu, ikitengeneza taa ya zahanati, ikifundisha vijana wawili kutunza betri, uhusiano unabadilika.

Virunga ilielewa hilo mapema. Mtambo wake wa umeme wa maji wa Matebe, uliofunguliwa mwaka 2015 katika wilaya ya Rutshuru, ulijengwa ili umeme ufike kwa wakaaji na kwa viwanda vidogo, sio kwenye ofisi za mbuga tu. Mpango huo una wanaoukosoa, na vita vimeuyumbisha. Lakini hoja yake ni rahisi kueleweka sokoni: mbuga inayotoa kazi na umeme ina majirani, na mbuga isiyotoa kitu ina maadui.

Hatari isiyogawanywa sawasawa

Kazi ya Upemba haijawahi kuwa ya picha nzuri tu. Kwa miaka mingi, vikundi vya Mai-Mai vimepita na kukaa ndani na kandokando ya mbuga, katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto lililoitwa pembetatu ya kifo. Lusinga yenyewe ilishambuliwa mwaka 2004. Desemba 2012, mkuu wa mbuga, Atamato Madrandele, aliuawa. Baada ya hapo Rodrigue Mugaruka Katembo, aliyekuwa Virunga ambako alikamatwa na kuteswa mwaka 2013 kwa kupinga utafutaji wa mafuta, alipewa kuongoza Upemba. Alipambana na uchimbaji wa koltani ndani ya mbuga, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman.

Katika nchi nzima, orodha ni ndefu. Kule Epulu, Juni 2012, Mai-Mai Simba waliua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Karibu na Rumangabo, tarehe 24 Aprili 2020, waliuawa walinzi 12 wa Virunga, dereva mmoja na raia wanne. Virunga peke yake imezika zaidi ya walinzi 200.

Mlinzi aliyeajiriwa akifa, familia yake ina angalau mahali pa kugonga mlango, hata kama mlango huo hufunguka polepole. Mtu wa kujitolea akiumwa na nyoka, akikanyaga mtego au akikutana na majangili, ni nani anayelipa? Mgeni wa Ulaya ana bima ya safari iliyonunuliwa kabla ya kupanda ndege. Kijana wa Kamina ana ndugu watakaochanga. Mahali ambapo hatari ni moja, kinga hizo mbili haziwezi kuitwa usawa.

Kuna pia hatari isiyoonekana haraka. Kijana anayetoa habari kuhusu majangili au wakata miti anarudi jioni kuishi nao kijiji kimoja. Walinzi wana kambi. Yeye ana nyumba ya nyasi na majina ya wazazi wake yanajulikana. Kumtumia kama jasusi bila malipo na bila kinga ni kumtoa sadaka.

Sheria inasemaje?

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatambua mkataba wa kazi pale mtu anapofanya kazi chini ya uongozi wa mwingine kwa malipo. Ndiyo maana neno «kujitolea» linawafaa baadhi ya waajiri: kukiwa hakuna malipo, wanadai, hakuna mkataba, na kukiwa hakuna mkataba hakuna cha kutangaza kwa CNSS, mfuko unaoshughulikia ajali za kazini. Lakini anayefika saa kumi na mbili asubuhi, anayepokea amri, anayevaa sare na kuadhibiwa akichelewa anafanana sana na mfanyakazi, hata kama posho yake inaitwa «motisha».

Sheria hiyohiyo inajua njia ya katikati, mkataba wa kujifunza kazi, ambapo anayefundisha na anayefundishwa wana wajibu wao. Njia hiyo haitumiki vya kutosha katika uhifadhi.

Mwaka 2025 serikali ilipandisha mshahara wa chini kabisa kutoka franka 7,075 kwa siku mpaka 14,500, na hatua ya pili ya 21,500 ikapangwa kwa Januari 2026. Ni hatua iliyongojewa. Lakini kila mshahara wa chini unapopanda bila ukaguzi, mwajiri mwenye mfuko mdogo anapata sababu mpya ya kuwaita wafanyakazi wake «watu wa kujitolea». Bila mkaguzi wa kazi anayefika mpaka Bukama, ongezeko hilo linabaki Kinshasa.

Kuna sheria nyingine inayogusa moja kwa moja vijiji. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupata msitu wake kisheria, mpaka hektari 50,000, bila kulipia na bila kikomo cha muda. Jamii inaunda mkutano wake, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee. Ni nafasi kubwa, kwa sababu anayelinda ni mwenye mali. Hata hivyo, kamati hizo nazo zinasimama juu ya kujitolea. Mjumbe anayeacha shamba lake siku mbili kwa wiki ili azunguke msitu atachoka, au atatafuta faida kwa wanunuzi wa makala. Mkono mtupu haulambwi.

Fedha zinapungua, ahadi zinaongezeka

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu 2025. Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID, lililokuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa uhifadhi katika bonde la Kongo, likafungwa. Fedha za mishahara zinapokatika, kuna kishawishi cha kuziba pengo kwa watu wasiolipwa.

Wakati huohuo, ahadi zimekuwa kubwa. Januari hiyohiyo, Rais Félix Tshisekedi alitangaza Ukanda wa Kijani kati ya Kivu na Kinshasa, wenye zaidi ya kilomita za mraba 500,000, pamoja na ahadi ya ajira 500,000, nyingine zikilengwa kwa vijana waliotoka katika vikundi vyenye silaha. Siku chache baadaye Goma ikaanguka mikononi mwa M23, kisha Bukavu. Ukanda huo haupiti Kamina. Lakini vijana wa Haut-Lomami wana haki ya kuuliza: kati ya ajira hizo zinazoahidiwa kwa jina la msitu, ngapi zitakuwa na mkataba, na ngapi zitaitwa kujitolea?

Jibu la kwamba serikali haina uwezo halitoshi. Ndani ya jimbo hilihili, huko Kaniama-Kasese, Huduma ya Taifa imepokea tangu 2020 maelfu ya vijana walioitwa kuluna, waliokamatwa kwa fujo katika mitaa ya Kinshasa. Wamepelekwa mbali, wakapewa buti, chakula, mafunzo ya kilimo na ya ujenzi, na mahindi wanayolima yameuzwa mpaka Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Mtu anaweza kubishana juu ya namna walivyopelekwa. Lakini jambo moja limethibitishwa: dola inaweza kulisha, kuvalisha na kufundisha vijana mahali pa mbali katika Haut-Lomami, ikiamua. Itakuwa ajabu kama aliyeshika panga mjini anapewa buti na ufundi, huku aliyemaliza shule akienda porini kwa hiari yake anaambiwa aje na viatu vyake.

Kujitolea kwenye mwisho unaojulikana

Hakuna sababu ya kufuta kujitolea. Kijana anayetaka kujua kama pori linamfaa anahitaji kulionja kabla ya kufunga mkataba. Mwanafunzi wa Kamina au wa Lubumbashi anahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Mgeni mwenye ufundi wa kweli ana nafasi yake. Kijiji kinacholinda msitu wake kwa upendo wa mababu kina haki ya kuheshimiwa, si kuhurumiwa. Tatizo ni kujitolea kusikoisha, ambako mtu anaingia akiwa na miaka ishirini na tano na kutoka akiwa na arobaini, bila akiba, bila cheti na bila jina.

Mradi unaotaka kutumia watu wa kujitolea katika mazingira kama ya Upemba ungeweza kupimwa kwa maswali machache ambayo kila mzazi wa Kamina anaweza kuuliza kabla ya kumruhusu mwanawe kupanda treni. Je, kuna karatasi iliyosainiwa inayoonyesha tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza? Baada ya tarehe hiyo, je, ataajiriwa, atapewa cheti kinachotambuliwa au ataambiwa wazi kwamba nafasi haipo? Je, chakula, usafiri, dawa na bima vinalipwa na mradi? Je, ameahidiwa kwamba hatatumwa kwenye doria ya silaha wala kwenye ujasusi? Na kama picha zake za kamera, hesabu zake za nyayo na majina ya miti aliyoyataja vitaingia kwenye ripoti, je, jina lake litaandikwa humo?

Kwa miradi inayopokea wageni wanaolipa, kuna swali moja zaidi: kwa kila mgeni anayeingia kambini, je, fedha zake zinalipa kijana mmoja wa hapa anayejifunza kazi hiyohiyo? Kama jibu ni ndiyo, mgeni anaacha mtu. Kama jibu ni hapana, anaacha picha tu.

ICCN na washirika wake wanaweza kuandika masharti hayo bila kungoja sheria mpya. Serikali ya jimbo inaweza kuyadai kabla ya kusaini kibali chochote. Ukaguzi wa kazi unaweza kuanza na orodha rahisi: nani anafanya kazi ndani ya maeneo yanayolindwa, tangu lini, na kwa malipo gani. Machifu nao wanaweza kukataa kutoa vijana wao kwa mradi usiojibu maswali haya, kama wanavyokataa kutoa shamba kwa mtu asiyejulikana.

Pale kwenye vinamasi vya Kamalondo, lechwe wasiofika mia moja hawana muda wa kungoja mabishano yaishe. Atakayewaokoa ni yule anayelijua pori hilo na atakayekuwa bado yupo msimu wa mvua ujao, na ule utakaofuata. Huyo, kwa sehemu kubwa, ni mtoto wa Bukama, wa Malemba-Nkulu au wa Kamina. Anaweza kuanza kwa moyo. Ili abaki, lazima ale.